Mgonjwa haulizwi uji? Umri, mafuta ya mwili na maambukizi makali



Sisi tunaoishi ng'ambo tumekuwa madaktari wa simu. Inalia usiku kutoka Unguja, Mombasa au Muscat: bibi ana nimonia, siku ya tatu leo hagusi chakula. Au mtoto wa mwaka mmoja ana homa, kila anachopewa anakitapika. Na sisi, ati kwa kuwa tupo Ulaya au Marekani, ndio tunaoulizwa: alazimishwe ale? Atiwe dripu ya glukosi? Au aachwe?

Wazee wetu walikwisha toa jibu: mgonjwa haulizwi uji, anapewa tu. Siku hizi wako wengine, walosoma habari za kufunga na ketoni, wanasema kinyume chake: muacheni, mwili unajua wenyewe unachokifanya. Kila upande una sehemu ya ukweli, na kila upande unaweza kumpoteza mgonjwa. Kinachoamua, kwa sehemu kubwa, ni umri wake, maana mwili wa mtoto, wa kijana na wa mzee hautumii mafuta yake kwa namna moja pale maambukizi yanapokuwa makali. Hilo ndilo ninalotaka tulielewe leo.

MTUNGI, KOKI NA JIKO

Tuanze na mtu mzima mwenye afya. Sukari ilohifadhiwa kwenye ini lake ni kidogo, haifiki hata gramu 150, na akikaa bila kula kwa muda wa siku moja hivi inakuwa karibu imekwisha. Ubongo nao haupumziki. Peke yake unakula kiasi cha 20% ya nguvu zote mwili unapokuwa umetulia. Sasa mwili ukishaona sukari inapungua unageukia mafuta. Gramu moja ya mafuta inatoa kilokalori 9, ya sukari inatoa 4 tu, na mtu wa kawaida ana kilo kadhaa za mafuta chini ya ngozi na tumboni. Akiba ipo.

Lakini akiba kuwapo ni jambo moja, kuitumia ni jambo jingine. Fikirieni jiko la gesi. Pana mtungi, hapo ndipo mafuta yalipohifadhiwa. Pana koki, nayo ni ile kazi ya kuyafungua mafuta yatoke kwenye shahamu yaingie kwenye damu kama asidi za mafuta. Koki hii inafunguliwa na homoni kama adrenalini na noradrenalini, na inafungwa na insulini. Mwisho pana jiko, yaani ini, moyo na misuli, ambamo asidi hizo zinachomwa ndani ya mitokondria. Ini lina kazi ya ziada: linageuza sehemu ya mafuta kuwa ketoni, na ketoni ndizo zinazoulisha ubongo wakati sukari haitoshi.

Mtungi, koki, jiko. Kimoja kikiharibika, viwili vilobaki havikusaidii kitu. Na umri unaviharibu kwa zamu tofauti.

SUNGURA ALOKONDA NA DAMU YAKE YENYE MAFUTA

Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua vizuri ugonjwa wa nagana, unaoletwa na mbung'o. Ng'ombe anakonda mpaka mbavu zinahesabika. Mwaka 1980 Carol Rouzer na Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwaambukiza sungura vijidudu vya jamii hiyo hiyo. Sungura walikonda, lakini walipopimwa damu ilikuwa imejaa mafuta ya aina ya trigliseridi. Jee, inakuwaje mnyama anakufa kwa kukonda na huku mafuta yanaelea kwenye damu yake?

Jibu ni kwamba tishu zilikuwa zimeshindwa kuyachukua. Kuna kimeng'enya kinachokaa kwenye kuta za mishipa midogo, kazi yake kuyapokea mafuta ya damu na kuyaingiza ndani. Kundi la Cerami liligundua kuwa seli za kinga zinapopambana na maambukizi zinatoa kitu kinachokizima kimeng'enya hicho. Walikiita kakektini. Mwaka 1985 Bruce Beutler, Cerami na wenzao wakaonesha kuwa kakektini na kile kilichokuwa kikijulikana kama TNF ni kitu kimoja. Beutler huyo huyo alikuja kupata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Jules Hoffmann, mwaka 2011, kwa kazi nyingine juu ya kinga ya mwili.

Funzo la sungura wale lina maana mpaka leo. Kwenye maambukizi makali trigliseridi hupanda na kolesteroli hushuka, khasa ile ya HDL, ambayo pia husaidia kubeba na kuzima sumu za bakteria. Kwa hio mkiona jibu la maabara la mgonjwa alolazwa na sepsisi limeandikwa kolesteroli iko chini, msipongezane. Ni alama ya ukali wa ugonjwa, si alama ya afya. Kipimo cha kolesteroli kinachofaa kumhukumia mtu ni kile anachofanyiwa akishapona kabisa.

KWA NINI MGONJWA HUKATAA CHAKULA

Kukosa hamu ya kula wakati wa homa si ukorofi, ni mpango wa mwili. Mwaka 2016 kundi la Ruslan Medzhitov wa Chuo Kikuu cha Yale lilitoa majaribio yalowashangaza wengi. Panya waloambukizwa bakteria aina ya Listeria na kulazimishwa chakula walikufa zaidi. Na kilichowadhuru kilikuwa glukosi. Panya waloambukizwa virusi vya mafua mambo yakawa kinyume: glukosi iliwaokoa, na kuizuia isitumike kuliwaua. Katika maradhi ya bakteria, ketoni zilikuwa zikiukinga ubongo usidhurike na moto wa kinga yenyewe.

Hapa ndipo wengi walipopata nguvu ya kusema "muacheni asile". Lakini jamani, tusiharakishe. Hao ni panya, tena panya wazima wenye koki nzuri na jiko zuri. Binadamu anaanza akiwa kichanga na anamaliza akiwa mzee.

MTOTO: KOKI NYEPESI, MTUNGI MDOGO

Mtoto mdogo ni hodari wa kutengeneza ketoni, kuliko mtu mzima. Akikaa siku moja bila kula ketoni zake hupanda kufikia kiwango ambacho mtu mzima hukifikia baada ya siku kadhaa. Sababu ni kwamba ubongo wake ni mkubwa ukilinganisha na mwili, unakula sehemu kubwa sana ya nguvu zake, na ini lake halina sukari ya kutosha kuulisha kwa muda mrefu. Kwa hio anahamia kwenye mafuta mapema.

Taabu ni mtungi. Mtoto alozaliwa kabla ya wakati wake, akiwa na kilo 1, karibu hana mafuta yoyote ya kuhesabu. Hata yule alotimiza miezi, sehemu ya mafuta yake ni ya kahawia, ambayo kazi yake ni kumpa joto. Na homa nayo inaongeza matumizi, kila nyuzi 1 inapopanda mwili unatumia nguvu zaidi kwa kiasi cha 10%. Ndio maana kwa kichanga mwenye maambukizi sukari kushuka ni hatari ya saa chache, wala si ya siku.

Nitatoa mifano miwili kuonesha jambo hili lilivo zito.

Wa kwanza ni ugonjwa wa kurithi uitwao MCADD. Mtoto anazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja cha kuchoma mafuta. Mtungi upo, koki ipo, jiko ndilo bovu. Miezi inapita, ananyonya, anacheka, hakuna anayejua. Siku anapopata homa na kutapika, akashindwa kula usiku mmoja, sukari inaanguka, ketoni hazitoshi kuziba pengo, anazimia, na akichelewa anakufa. Maambukizi yenyewe yanaweza kuwa madogo tu. Kilichomuua ni kukosa njia ya kutumia mafuta. Uingereza watoto wote hupimwa ugonjwa huu kwa tone la damu la kisigino siku ya tano, na katika England upimaji huo ulienea kote mwaka 2009. Kwa hio nyinyi mnaozaa huko, wakunga wakija kumchoma mtoto kisigino, msione ni usumbufu. Mtoto alogunduliwa anapewa vinywaji vya sukari mara tu anapougua, na akitapika anakimbizwa hospitali kwa dripu. Kwa huyu, kweli kabisa, mgonjwa haulizwi uji.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Utafiti ulofanywa Hospitali ya Mulago, Kampala, na kutolewa mwaka 2014, uliwapima watoto wenye utapiamlo mkali, ambao wengi wao huja na maambukizi juu yake. Walipofika hospitali miili yao ilikuwa ikichoma mafuta kwa nguvu zote: asidi za mafuta juu, ketoni juu. Koki wazi, jiko linawaka. Lakini kipimo cha damu kilichotabiri zaidi nani atakufa kilikuwa leptini kuwa chini. Leptini ni homoni inayotolewa na mafuta yenyewe. Ikiwa chini maana yake mtungi unakaribia kuwa mtupu.

MTU MZIMA: YOTE MATATU YAPO

Kijana au mtu wa makamo, alokuwa na afya kabla ya kuugua, anaweza kustahimili siku chache za kula kidogo. Mwaka 2011 madaktari wa Leuven na hospitali nyingine za Ubelgiji walitoa utafiti wa wagonjwa mahututi 4,640. Wote waliruhusiwa kulishwa kwa njia ya tumbo kadiri walivoweza, lakini nusu waliongezewa chakula cha mshipani mapema, na nusu waliongojeshwa wiki nzima. Walongojeshwa walipata maambukizi mapya kwa uchache zaidi, 22.8% dhidi ya 26.2%, na walitoka mapema. Vifo vilikuwa sawasawa.

Wakarudia kwa watoto 1,440, kutoka wachanga mpaka wa miaka 17, katika Ubelgiji, Uholanzi na Kanada. Matokeo yalotolewa 2016 yalikuwa makubwa zaidi: maambukizi mapya 10.7% kwa walongojeshwa, 18.5% kwa waloharakishwa. Uchambuzi ulofuata ulionesha kuwa ketoni kupanda kwa watoto hao kulieleza sehemu ya faida hio. Yaani koki nyepesi ya mtoto ilimsaidia. Lakini angalieni vizuri: watoto hao walikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, wakipimwa sukari mara kwa mara, na hata hivo sukari kushuka mno kulitokea zaidi kwa walongojeshwa. Jambo linaloweza kufanywa pale, na muuguzi amesimama kitandani, halifanywi nyumbani kwa kumwangalia mtoto kwa macho.

MZEE: MTUNGI UMEJAA, KOKI INA KUTU

Hapa ndipo penye fumbo, na ndipo tunapokosea mara nyingi. Tunamuona mzee mnene kidogo tukasema, "huyu ana akiba, atastahimili." Akiba anayo, kuitoa ndio kazi.

Kwanza koki. Kundi la Vishwa Deep Dixit, pia la Yale, lilionesha mwaka 2017 kuwa ndani ya mafuta ya panya wazee seli za kinga zinaivunja noradrenalini kabla haijafanya kazi yake. Amri ya "fungua" inatoka kwenye neva, lakini inaliwa njiani. Panya mzee akikosa chakula mafuta yake hayatoki kama ya kijana.

Pili jiko. Mwaka 2010 kundi la David Sabatini lilieleza kuwa ini la panya mzee halitengenezi ketoni vizuri anapokosa chakula. Kuna swichi iitwayo mTORC1 ambayo kwa kawaida huzimika wakati wa njaa ili ini lianze kuchoma mafuta. Kwa mzee inabaki inawaka, kana kwamba chakula bado kipo. Ukiongeza sepsisi juu yake mambo yanazidi. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walionesha mwaka 2020 kwamba sepsisi yenyewe inaidhoofisha PPAR-alfa, protini inayoliamrisha ini lichome mafuta. Mafuta yalofika pale hayachomwi, yanajikusanya na kuwa sumu kwa ini na figo. Jiko linatoa moshi badala ya moto.

Tatu mahali. Kadiri umri unavokwenda mafuta yanahama chini ya ngozi na kwenda tumboni, ndani ya ini na baina ya nyuzi za misuli, ambako yanachochea uvimbe wa ndani kwa ndani hata kabla ya ugonjwa.

Sasa mwili usipopata nguvu kwenye mafuta utazitafuta kwengine, na kwengine huko ni nyama ya misuli. Mzee hana misuli ya kupoteza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliwalaza wazee wazima wa afya, wastani wa miaka 67, kwa siku 10 tu, wakila chakula chao. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa! Fikirieni bibi mwenye nimonia ambaye pia hali. Ndio maana tunasikia kila siku: homa ilipona, lakini tangu pale hakusimama tena.

Mambo haya yalionekana wazi wakati wa korona iloanza kuenea ulimwenguni mwaka 2020, ambapo hatari ya kufa ilipanda kwa kasi kufuata umri. Watafiti wa Ujerumani walieleza mwaka 2022 kuwa wagonjwa wa korona waloharibika mapafu walikuwa na ketoni chache kuliko wagonjwa wa mafua makali, na seli zao za kinga zilichoka. Kabla ya hapo, 2021, Dixit na wenzake waliwapa panya wazee chakula cha mafuta mengi kinachoongeza ketoni, na wakastahimili vizuri zaidi kirusi cha jamii ya korona. Ni dalili nzuri, lakini ni panya. Haijawa tiba ya mzee wako.

Kilichothibitika kwa binadamu ni hichi: mwaka 2019 utafiti wa Uswisi wa wagonjwa 2,088 wa wodi za kawaida, wengi wao wazee, wote wakiwa katika hatari ya utapiamlo, na maradhi yalowaleta baadhi yao ni maambukizi. Nusu walipangiwa chakula chao mtu mmoja mmoja na kusimamiwa wale. Baada ya siku 30 walokuwa wamefariki ni 7%, na kwa walopewa chakula cha kawaida cha hospitali ni 10%. Kwa maneno mengine, muhenga alosema mgonjwa haulizwi uji, kwa mzee wa wodini alisema kweli.

BASI TUFANYE NINI SIMU IKILIA?

1. Ulizeni umri kabla ya jambo jengine. Kichanga alokataa kunyonya, au mtoto mdogo anayetapika kila kitu, anapelekwa hospitali sasa hivi na apimwe sukari. Hakuna kusubiri asubuhi.

2. Kijana mwenye homa asolia njaa kwa siku moja mbili, anywe maji na vimiminika, msimgombeze.

3. Mzee asiachwe kwa siku tatu nne kwa kutegemea unene wake. Kidogo kidogo, mara nyingi, na uji peke yake hautoshi. Utiwe maziwa, yai, karanga au samaki alopondwa, maana misuli inataka protini. Aketishwe, asimamishwe akiweza. Lakini mgonjwa alolegea au asiyemeza vizuri asilazimishwe kwa kijiko, chakula kitaingia mapafuni. Huyo ni wa hospitali.

4. Mtu alokaa siku tano au zaidi bila kula chochote hapewi sahani kubwa kwa furaha. Chumvichumvi za damu, khasa fosfeti, zinaweza kuanguka ghafla na moyo ukasimama. Aanze kidogo, chini ya uangalizi wa daktari.

5. Dripu si chakula. Chupa ya nusu lita ya glukosi ya 5% ina gramu 25 za sukari, kama vijiko sita vya chai. Inasaidia maji na sukari, haimlishi mtu mzima.

6. Mwenye sukari anayetumia insulini asiiache ati kwa kuwa hali. Bila ya insulini koki inafunguka yote, ketoni zinafurika na damu inakuwa chachu. Na wanaotumia dawa kama empagliflozin au dapagliflozin wampigie daktari mara tu wanapougua, kwani kwa kawaida husimamishwa mpaka mtu apone. Zinaweza kuleta hatari hio hio hata sukari ikionekana si juu sana.

7. Mzee anaweza kuwa na sepsisi bila ya homa. Kuchanganyikiwa ghafla, kupumua haraka, mkojo kupungua, ngozi ya baridi yenye mabaka: hizo ni dalili za kumkimbiza, si za kumpikia uji.

Na tusidhani haya ni mambo ya watu wachache. Hesabu ilotolewa mwaka 2020 inakisia kuwa mwaka 2017 watu milioni 48.9 walipata sepsisi duniani na milioni 11 walifariki, na karibu nusu ya walougua walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sehemu kubwa ni katika nchi kama zetu, na baada ya watoto wanaofuata kwa kuumia ni wazee, yaani zile ncha mbili ambazo mtungi, koki na jiko havilingani.

Mwenye nyongeza au sahihisho, khasa wale waliomo kwenye kazi za wodini, tunamsikiliza. Na mwenye mzee nyumbani leo ampigie simu amuulize jambo moja tu: jana ulikula nini?

Wasalaam.